Kovu la begani si ngao ya korona

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza kama kovu la chanjo ya kifua kikuu alilonalo mama begani litampunguzia makali akipata korona. Asilitegemee.

Fununu hiyo ina chanzo. Mwaka 2020 watu walitandaza ramani wakaona nchi zinazochanja watoto wote BCG, yaani hiyo chanjo ya kifua kikuu, zina vifo vichache kuliko Italia na Marekani, ambazo hazijawahi kuchanja kila mtoto. Ila nyingi kati ya nchi hizo zina vijana wengi na zilipima watu wachache, na korona huua zaidi wazee. Ramani haikuonyesha hayo.

Israeli ndiko kulikopatikana ulinganisho wa maana. Watoto wachanga wote walichanjwa BCG kuanzia 1955 hadi 1982, kisha utaratibu ukaachwa. Watafiti wakachukua waliozaliwa 1979 hadi 1981 na waliozaliwa 1983 hadi 1985, watu wa nchi moja na karibu rika moja. Kati ya waliopimwa wakiwa na dalili, virusi vilikutwa kwa 11.7% ya kundi lililochanjwa na 10.4% ya lile lisilochanjwa. Mgonjwa mahututi alikuwa mmoja kila upande, na hakuna aliyekufa. Kweli, hao walikuwa chini ya miaka 45, kwa hiyo kuhusu ukali wa ugonjwa kwa wazee hawatuambii mengi.

Hata hivyo wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. BCG ni bakteria hai aliyedhoofishwa, naye huzichangamsha chembe za ulinzi za mstari wa mbele, zile zisizochagua adui. Mchangamko huo hufifia. Kinga inayobaki miaka mingi inamjua bakteria wa kifua kikuu. Mwiba wa kirusi cha korona, ile protini iliyochomoza juu yake, haiutambui. Hoja kwamba chanjo ya surua na ya matone ya polio nazo zingekinga korona zilikuwa za aina hiyohiyo.

Na kumchanja upya? Utafiti wa BRACE ulijaribu kwa wahudumu wa afya karibu 4,000 wa Australia, Uholanzi, Hispania, Uingereza na Brazili. Matokeo ya 2023: ndani ya miezi 6, BCG haikupunguza korona yenye dalili wala iliyo kali.

Tena ina madhara yake. Dozi ya mtu mzima ni mililita 0.1 tu, ndani ya ngozi yenyewe. Sindano ikizama chini zaidi, huota jipu na matezi ya kwapa huvimba. Kwa anayetumia dawa za saratani au steroidi za dozi kubwa, ambazo hudhoofisha kinga, bakteria huyo anaweza kusambaa mwilini. Hilo ndilo linanitia hofu zaidi.

Kwa umri wake, mama anahitaji chanjo ya korona yenyewe. Aende na kadi, ataje tarehe ya dozi ya mwisho na dawa zote anazotumia. Ile ya mafua anaweza kuchomwa siku hiyohiyo, mkono wa pili.

Mpe shikamoo yangu.

Wako,
Salma