Milia ya punda milia haimfichi kwa simba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu wanyama wanaojificha kwa rangi zao. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi simba anavyopotelea kwenye nyasi kavu, lakini alipofika kwa punda milia alirudia tuliyofundishwa shuleni, kwamba milia humficha asionekane na simba. Mimi huongoza watalii katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, na maelezo hayo nami niliyatoa kwa miaka mingi.

Kosa letu ni kumtazama punda milia kwa macho yetu, ambayo huona vya mbali kwa undani kuliko macho ya simba au fisi. Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Tim Caro, walizipima picha zilizopigwa Tanzania kwa kufuata uwezo wa macho ya wanyama hao. Ilionekana kwamba mchana, kuvuka mita 50, milia haionekani kwao. Wakati wa magharibi, giza linapoanza kuingia, ni mita 30. Na penye uwanda usio na miti, umbo la punda milia huonekana wazi kama la mnyama mwingine. Simba anapofika karibu kiasi cha kuiona milia, huenda harufu ya punda milia imeshamfikia zamani.

Anayesumbuliwa na milia ni nzi. Caro na wenzake walionyesha mwaka 2019, nchini Uingereza, kwamba nzi wanaouma huwakaribia punda milia na farasi sawasawa, lakini kwenye milia hushindwa kupunguza mwendo, wakapitiliza au wakajigonga. Hata kwenye farasi waliovishwa majoho ya milia walitua nzi wachache. Mwaka huohuo, huko Japani, ng'ombe weusi waliochorwa milia myeupe walituliwa na nzi wanaouma pungufu kwa karibu nusu.

Nasi mbung'o, nzi wanaouma wa kwetu, tunawajua. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyoning'inia mitini Tarangire ni mitego, kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Mwezi uliopita mgeni wangu mmoja alipanda gari na suruali ya buluu iliyokolea. Haikupita saa moja mbung'o wakawa wamejipanga magotini mwake, ilhali mwenzake aliyekaa ubavuni pake na kaki yake aliumwa mara moja tu.

Kwa hiyo naomba makala nyingine, itakayowauliza wataalamu wetu wa mifugo kama milia ya rangi nyeupe inaweza kumpunguzia mbung'o ng'ombe wa mfugaji wa Simanjiro, ambaye kila mwaka huhofia nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o.

Mwongoza watalii,
Arusha