Lebo za washiriki wa utafiti zisibandikwe kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lebo ambazo sisi wakusanyaji wa takwimu huwawekea washiriki wa tafiti ndani ya kanzidata, ili wanapohitajika watu wa sifa fulani wachujwe kwa kubofya mara moja.

Sizipingi. Katika eneo la Ifakara kaya zilianza kufuatiliwa kwa ajili ya tafiti za afya mwaka 1996, na Rufiji mwaka 1998, kila mkazi akipewa namba yake ya kudumu. Mahali kama hapo, ambako tafiti za vyandarua, chanjo na lishe hupishana katika vijiji vilevile, mtafiti asiyejua kwamba mtoto fulani tayari yumo katika majaribio ya chanjo anaweza kumwingiza katika majaribio mengine na kuharibu matokeo ya yote mawili, achilia mbali kumtoa mtoto damu mara mbili kwa juma moja. Lebo yenye jina la utafiti humaliza tatizo hilo.

Shida huanza pale lebo inapomweleza mtu. Katika mradi mmoja nilikabidhiwa orodha ya wajawazito, iliyochujwa kwenye kishikwambi asubuhi ileile. Nyumba ya tatu nilimkuta mama anachambua mchele, mtoto mgongoni. Nilipomuuliza mimba ina miezi mingapi, aligeuka nimwone mtoto uso, akasema, "Mimba yenyewe hii hapa, msalimie." Tulicheka. Nyumba iliyofuata mimba ilikuwa imeharibika, na pale nilikosa hata namna ya kuaga. Lebo zile ziliwekwa miezi mingi nyuma, hazikuwa na tarehe, wala hakuna aliyepewa kazi ya kuziondoa. Hali inayobadilika iandikwe pamoja na siku iliyothibitishwa, na umri usiwekewe lebo kabisa, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa inatosha kuukokotoa.

Tahajia nayo si jambo dogo. Karani mmoja akiandika "malaria", mwingine "maleria" na wa tatu "homa ya malaria", kichujio kitaleta kundi moja na kuwaacha wengine, na mtafiti aliyeketi mjini atadhani amewapata wote. Orodha ya lebo ifungwe kabla ya kwenda uwandani, na anayetaka kuongeza mpya amwombe msimamizi wa takwimu.

Lililonisukuma hasa kuandika ni lebo niliyoikuta dhidi ya jina la mzee aliyekataa kutolewa damu: "msumbufu". Mzee yule alitumia haki aliyosomewa kwenye fomu ya ridhaa, kisha akaachwa nje hata katika utafiti wa maji ambao hauhitaji damu ya mtu. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mhusika anaweza kuomba kuona kilichoandikwa juu yake. Sijui karani yule angemsomea mzee neno hilo kwa sauti gani.

Katika miradi niliyoifanyia kazi, fomu ya ridhaa ilipitiwa na kamati ya maadili mstari kwa mstari, lakini orodha ya lebo haikuambatanishwa. Naziomba kamati hizo ziidai, pamoja na maelezo ya nani ataruhusiwa kuziona lebo zinazogusa afya ya mtu na lini zitafutwa.

Mkusanyaji wa takwimu,
Morogoro