Maandalizi ya mazungumzo ya Jumamosi na mpiga kanuni

Assalaam alaykum wanakikundi. Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunarekodi mazungumzo na mgeni wetu, mzee mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Tafadhali fikeni nusu saa mapema. Nyuzi za kanuni hufungwa tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa pwani huzivuruga; mzee apewe muda wa kuzilinganisha kwa utulivu kabla kinasa sauti hakijawashwa, asije akachoka mapema.

Feni izimwe, maana mvumo wake haufutiki bila kuila sauti ya nyuzi. Maikrofoni moja iwe shubiri moja kutoka kinywani, ya pili ielekezwe kwenye kanuni.

Msianze na "tueleze maisha yako", jibu litakuwa fupi. Anzeni na picha ya zamani, au santuri za enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Kwa kila wimbo ulizeni shairi la nani, muziki wa nani, na yeye alifundishwa na nani; mara nyingi ni watu watatu tofauti. Akinyamaza, hesabuni kimoyomoyo hadi kumi. Nawasihi sana, msimkatize!

Nakala mbili zihifadhiwe usiku uleule.