Reli iliipita Tobolsk, ikaipita na Mpwapwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Siberia ilizungumzia mno baridi na magereza. Naomba nafasi niongezee habari za Tobolsk, mji nilioutembelea nikiwa mwanafunzi Urusi.

Tobolsk upo pale mto Tobol unapoingia Irtysh. Ulianzishwa mwaka 1587, ukawa makao makuu ya Siberia. Manyoya, maofisa na wafungwa, vyote vilipitia hapo. Juu kilimani kuna boma la mawe lenye kuta nyeupe. Chini, kwenye ardhi tepetepe ya mtoni, ni mitaa ya nyumba za magogo. Nyingine zimedidimia hadi madirisha yanakaribia usawa wa barabara, lakini fremu zake zimechongwa maua kwa ustadi wa ajabu.

Kuna na kisa cha kengele. Mwaka 1591 Dmitri, mtoto wa mfalme, alikufa katika mji wa Uglich. Kengele ikapigwa, watu wakakusanyika, zikazuka ghasia. Wakubwa wakaihukumu kengele yenyewe: ikang'olewa ulimi, ikapelekwa uhamishoni Tobolsk. Haikurudishwa kwao hadi 1892! Hata Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, alipokwisha kung'oka madarakani, alizuiliwa mjini humo na familia yake kuanzia Agosti 1917.

Reli kuu ya Siberia ilipojengwa ilipita kusini, biashara ikahamia Tyumen na Omsk. Sisi wa Mpwapwa tunayajua hayo. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipumzika kwetu, wapagazi wakijaza vibuyu kabla ya kuingia Marenga Mkali kusikopatikana maji. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kisha Reli ya Kati ikapita Gulwe, Dodoma ikakua, sisi tukabaki pembeni.

Watu wa Tobolsk wameifanya historia yao kuwa ajira. Mafundi wao huchonga vinyago vidogo vya pembe za mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka zamani, na wageni hununua. Mpwapwa hata kibao cha kumwonyesha mgeni njia ya misafara sijakiona. Naiomba halmashauri ianze na vibao hivyo, na iwarekodi wazee wanaosimulia habari za wapagazi, wazee hao wangali hai. Wanafunzi wa vyuo vya Dodoma nao waje. Wakiondoka asubuhi, jioni wamerudi.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa