Risala kwa Mgeni Rasmi wetu, Profesa wa Hali ya Hewa, Siku ya Wazazi hapa Kisiwa cha Pate

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na wale wa dini nyingine hamjambo nyote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Profesa, mwanetu, Bwana Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu na walimu wako, masheikh wetu, bwana chifu, wazazi mlotoka Siyu na Faza na nyinyi mlokuja na mashua tangu alfajiri, wanafunzi, karibuni sana. Mimi nimetumwa na kamati ya Klabu ya Mvua na Maji niisome risala hii, na kamati imenambia nisiwe mrefu manake maji yanakupwa na mashua ya Profesa ikikaa sana itapwelewa, kwa hivo ya historia nitayapita mbio nikakae pale penye haja yetu.

Profesa, furaha tuliyo nayo leo hatuwezi kuificha. Wewe ulisoma madarasa haya haya, ulikaa kwenye mkeka kabla madawati hayajaja, ukaenda Lamu, ukaenda Nairobi kusomea metorolojia, ukavuka bahari ukarudi na udaktari, na leo ukisema neno juu ya mvua za Afrika Mashariki watu wa vyuo vikubwa wanafungua madaftari. Sisi huku tunakusikia redioni. Kuna bibi mmoja hapa mtaani akiisikia sauti yako hunyamazisha nyumba nzima, anasema nyamazeni, mwana wetu atwambia mvua.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi watano, kopo la maziwa na rula. Baadaye tukapata kipimamvua cha kweli, na tangu hapo kila siku saa tatu asubuhi mtoto mmoja anasoma kipimo anaandika kwenye daftari, jua au mvua, hata siku ya Idd. Kwenye maonyesho ya sayansi tulishika nafasi ya nne, na walotutangulia wote ni shule zenye maabara, kwa hivo sisi twaihesabu ile kuwa ni ushindi mkubwa na tunaamini mwambao wote huu hakuna klabu iliyofika hapa tulipofika. Historia ndo hiyo.

Sasa Profesa, ile sauti ulotutumia kwa wasapu tumeisikiliza mpaka watoto wanaijua kwa moyo. Ulisema Bahari ya Hindi ni kama mizani, kuna miaka maji ya upande wetu yanapata joto kuliko kawaida na kule Sumatra yanapoa, pepo zinageuka, mvuke unaelekea kwetu na vuli inanyesha mpaka watu wanahama. Ukasema mtaalamu Saji na wenzake waliiandika hiyo mwaka 1999 lakini bahari ilikuwa ikifanya hivo tangu zamani, ndo ile mafuriko ya 1961 ambayo wazee wanahesabia umri, ndo 1997 pamoja na El Niño, ndo 2019, ndo 2023. Ukatueleza na ule upepo aloandika mtaalamu Findlater mwaka 1969, kumbe upepo wetu huu wa kusi, huu huu unaofunga mashua bandarini, huko juu kama kilomita moja na nusu unakimbia kama mto, unakata ikweta, unapita pwani ya Somalia ukapeleke mvuke wa kunyeshea Bara Hindi. Nahodha mmoja mzee hapa kijijini alipowekewa ile sauti akaomba irudiwe, akasema, sasa nimefahamu, maji yanatupita juu ya vichwa kila mwaka na sisi huku chini twanunua mtungi.

Wazee wetu walihesabu miongo kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, wakajua lini upepo wa matlai na lini mvua, na sasa wanasema miongo haishiki tena kama zamani. Wewe nawe ukatwambia kuna kitendawili, kompyuta zinasema mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka na kumbe mvua za masika zenyewe kwa miaka mingi zimekuwa zikipungua, na kwamba hewa ikiongezeka joto nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hivo ikinyesha inanyesha kwa kishindo na ikikosa inakosa kweli kweli. Hilo neno la kishindo ndo limetufanya tukuite. Manake kama mvua itakuja siku chache na kila ikija ni nyingi kwa saa, basi kuishi kwetu kisiwani kunategemea kitu kimoja tu, pahali pa kuiweka.

Pahali penyewe ni jabia.

Kwa wageni ambao si wa visiwani, jabia ni birika kubwa la kuchimbwa ardhini, limejengwa kwa mawe ya matumbawe likapakwa chokaa, na kando yake, kwa juu, kuna sakafu pana ya mteremko inayokusanya mvua ikateremka ndani. Wazee walilijenga bila injini wala bomba la mtu. Na hawakulijenga kwa fahari, walilijenga kwa sababu maji tamu ya visima vya hapa ni kama kifuniko chembamba kinachoelea juu ya maji ya bahari, ukivuta sana yanapanda ya chumvi, na sasa hivi visima viwili vilivyo karibu na shule ukiosha nguo sabuni haitoi povu.

Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, hatukulilaumu jabia, mvua haikuwepo. Lakini vuli ya 2023 ikaja, wallahi ilinyesha, sakafu ilikuwa ikitiririka usiku na mchana na jabia la shule likajaa mpaka kidato cha juu kabisa cha ngazi, tukasema alhamdulillahi mwaka huu tumepona. Kabla ya Ramadhani kuingia lilikuwa matope.

Watu wakasema ni jua. Wengine wakasema kuna wanaoiba usiku. Klabu ikasema tupime. Profesa, hili twataka ulisikie vizuri maana ni kazi yako hii. Watoto walikwenda jabiani siku tatu ambazo hakuna alochota, wakapigilia ufito ndani wenye alama, na pembeni, juani vilevile kama jabia ambalo paa lake lilianguka zamani, wakaweka beseni pana la maji nalo wakalitia alama, wakalizungushia wavu mbuzi wasinywe. Baada ya siku tatu maji ya beseni yalikuwa yameshuka upana wa kidole kimoja. Ya jabia yalikuwa yameshuka shibiri nzima. Basi kile kidole ni cha jua, na hicho kilichobaki chote ni cha ufa. Hakuna mwizi. Tena waliuona ufa wenyewe, uko ukuta wa upande wa kusini, unaanza chini kabisa ndani ya birika unapanda kama mzizi wa mkwaju, ukitia mkono unasikia baridi.

Sasa hasara yake. Jabia likikauka watoto wanachota mbali kabla ya shule, na wanaochota wengi ni wasichana. Ukilifungua daftari letu utaona kuna vyumba vitupu, siku haikuandikwa kitu. Mtafiti asiyetujua atadhani mtoto alikuwa mvivu. Vingi katika vyumba vile ni zamu ya msichana mmoja wa gredi ya 8, ndiye hodari wetu kuliko wote, anasema wazi wazi anataka kuwa kama wewe, na siku hizo saa tatu asubuhi alikuwa bado njiani na punda na mitungi minne. Yaani ukosefu wa maji ndo unaotoboa daftari la maji. Tulipolitambua hilo kwenye kikao, hata mwalimu mkuu alinyamaza.

Profesa, kwa heshima yako kubwa, inabidi tuseme na haya, maana tukiyaficha hutatuelewa kwa nini tunaomba hivi tunavyoomba. Wewe si mgeni rasmi wa kwanza kusomewa habari za jabia hili. Yuko alosimama hapo hapo ulipokaa akaahidi tangi la plastiki la lita elfu kumi, akapigwa picha ameshika ufito wetu. Sisi tukajenga msingi wake kwa msaragambo, wazazi walibeba mchanga wenyewe. Msingi upo, utauona ukitoka, watoto wanakalia wakati wa chakula cha mchana. Tangi hatujaliona. Tulipopiga simu tukaambiwa bajeti imefungwa, tukangoja ifunguliwe, na namba ikaacha kupatikana.

Mwengine alileta saruji mifuko sita, na twamshukuru kwa sababu yeye angalau alileta. Lakini hakuuliza. Saruji ikapakwa juu ya chokaa ya wazee, chokaa inapumua na saruji ni ngumu haipumui, msimu haukwisha ikaanza kubanduka mapande mapande na ikatoka na chokaa ya zamani, kwa hivo ufa ukawa mkubwa kuliko ulivokuwa.

Na la tatu linatuuma zaidi, na tunakwambia wewe kwa sababu wewe ni wa ukoo huo. Walikuja watafiti, watu wa adabu kabisa, walikula kwetu, wakalisifu daftari la klabu la miaka mitatu ya mwanzo wakaliomba waende wakalinakili Mombasa halafu walirudishe. Halijarudi. Hatujui kama mvua yetu imeandikwa kwenye kitabu gani, wala kama imeandikwa. Watoto walosoma kile kipimo wamemaliza shule wako baharini na pengine, na kazi yao hatuna hata ukurasa mmoja wa kuwaonyesha wadogo zao. Kwa hivo usione vibaya, Profesa, kamati imekata shauri daftari halitoki tena kisiwani. Ukilitaka, na twakuomba ulitake, kaa nalo hapa, lipige picha kila ukurasa kwa simu, mkeka upo na chai ipo.

Sasa ombi lenyewe, nalo ni moja tu. Twaomba jabia la shule lirekebishwe kwa chokaa kabla ya mvua kubwa.

Hatuombi jipya. Twaomba mafundi wawili wa chokaa wa kweli, wale wanaotengeneza majumba ya kale Lamu mjini, chokaa ya kutosha, na miti na makuti ya kuezeka paa ili na kile kidole cha jua nacho kipungue. Makisio ameyaandika fundi kwa mkono wake alipokuja kupima, karatasi iko kwa mwalimu mkuu na nakala tumeiweka kwenye bahasha yako. Mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia, chakula cha mafundi na mikono ya kazi ni juu yetu, wavuvi wamekubali kupakia vitu Lamu bila nauli, na hilo walilisema msikitini mbele ya watu.

Tunajua mshahara wa mwalimu wa chuo haujengi jabia. Lakini tunajua pia miradi yenu ya utafiti hupata fedha za kununua mitambo, na mara nyingi huandikwa humo kuwa jamii itafaidika. Basi sisi ndo jamii. Jabia likiwa zima na lina ufito wake na kipimamvua chake pembeni, hicho tayari ni kituo, utajua sakafu imepokea kiasi gani, limeingia kiasi gani, limechotwa kiasi gani, limepotea kiasi gani, na mtoto wa kukuandikia kila siku yupo bila mshahara. Lifanyie utafiti kwa miaka yote utakayo. Lakini lizibwe kwanza, usije ukatuandikia makala nzuri juu ya jabia linalovuja na likaendelea kuvuja.

Wakati nao, Profesa, wewe waujua kuliko sisi. Saa hii bado ni kaskazi, jabia ni kavu na fundi anaweza kushuka mpaka chini. Zimebaki wiki kama nane mvua zifike, na Mei kwetu ndo mwezi wa mvua kubwa. Chokaa si kitu cha haraka, inapakwa kidogo kidogo, inatiwa maji, inapigwa, inaachwa ikomae, fundi anasema anataka wiki sita na hashuki hata moja. Hesabu yake ni nyepesi. Jambo likikaa ofisini mwezi mmoja, masika haya nayo yamekwenda ardhini.

Ndo maana hatukuombi ahadi, ahadi tunazo. Twakuomba tarehe, na jina la mtu wa kumpigia simu, na ikiwa haiwezekani twakuomba utwambie leo hii haiwezekani, na hatutakuvunjia heshima kwa hilo, utakula pilau letu na tutakusindikiza mpaka gatini vilevile kama tulivokupokea, na kesho kamati itajua iende mlango gani mwengine wakati kaskazi bado iko.

Kabla ya chakula, Profesa, ratiba ina dakika ishirini za burudani. Watoto wa kasida wameridhia wenyewe kuzikata wakupe wewe. Jabia liko nyuma ya madarasa, si mbali. Tumeweka ngazi, imefungwa kamba vizuri, na yule msichana wa gredi ya 8 yuko pale tangu asubuhi na ufito na tochi, atashuka mbele yako akuonyeshe pale ukitia mkono unasikia baridi.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wenu, kamati ya Klabu ya Mvua na Maji.