Mwanangu, hiyo saa tatu kamili yako

Hujambo baba, natumai uko salama huko hosteli Tudor. Huku Likoni sote wazima, ni feri tu ndo yatusumbua na hilo si geni.

Dadako aniambia mitihani ya semista yakaribia na ile asaimenti ya statistiksi hata hujaigusa. Siji kukugombeza. Wewe si mvivu, ungekuwa mvivu ungelala zako. Wewe ukifungua kitabu ndo wakumbuka kufua, kupanga viatu, kufuta picha kwa simu, kila kitu wafanya ila lile swali, kwa sababu waogopa kuona hulijui. Halafu ile tabia ya "nitaanza saa mbili kamili", ikipita dakika saba washasema basi acha iwe saa tatu kamili, kwani kalamu yakataa kuandika saa mbili na dakika saba? Na ile ratiba ya rangi tatu uliyobandika ukutani, nzuri mashaallah, ila ilikula Jumamosi nzima kuichora na Jumapili hukusoma.

Sasa skiza. Kuna Mtaliano aitwa Francesco Cirillo, alipokuwa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980 masomo yalimshinda kutulia, akachukua kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya akakitega. Hadi leo watu waifuata njia yake: dakika 25 wasoma kitu kimoja tu, tano wapumzika, ukifika mizunguko minne wapumzika zaidi, hata nusu saa. Naipendea kwamba haikwambii umalize, yakwambia ukae tu, na dakika 25 hata swali baya lavumilika. Ila usitege kwa simu, utaingia kutega utokee Tiktok, simu mpe rumeti wako, kisaa nitakununulia hapo Mwembe Tayari.

Anza na linalokutisha, baada ya swala ya alfajiri kabla hao wenzio hawajafungulia miziki. Na habari za kukesha ukitafuna majani ya muguka usiku wa mtihani wacha kabisa, ulichosoma chashika ukilala, usipolala waingia macho mekundu na fomula zote zimeruka. Soma kidogo leo, rudia keshokutwa, rudia tena wiki ijayo. Ukifeli, sapu, huo mtihani wa kurudia, yalipiwa na hiyo pesa mimi sina.

Jumamosi nikivuka nakuletea mbaazi na mahamri, nikute swali la kwanza ushalijaribu, hata kama umekosea nataka kuona ulipokwama.

Mamako