Ukali wa ng'ombe hauletwi na mkamuaji peke yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niijibu hoja iliyotolewa hapa majuzi kwamba ng'ombe anayepiga teke ameharibiwa na mkono wa anayemkamua, na kwamba damu haina lolote. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Njoro, na niliyoyaona zizini mwangu yananizuia kuikubali hoja hiyo nzima nzima.

Nilikuwa na ng'ombe wa Friesian ambaye hakukamulika bila kufungwa kamba miguu ya nyuma. Alizaa mitamba wawili kwa mbegu ya fahali mmoja. Wa kwanza nilimlea mwenyewe. Wa pili nilimuuzia jirani akiwa na siku nne tu, akalelewa na mama mmoja mpole anayezungumza na ng'ombe wake kama anavyozungumza na wajukuu. Ndama huyo hakupata kumwona mamake akimpiga mtu teke wala hakuwahi kuchapwa, lakini alipozaa mara ya kwanza alimwaga ndoo ya maziwa kama mamake alivyozoea kumwaga zangu. Ni kweli kwamba baada ya miezi miwili alitulia, jambo ambalo dada yake hakulifanya, na sifa hiyo nampa jirani yangu bila kinyongo.

Ng'ombe wawili si utafiti, najua. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kwa ng'ombe wa nyama na wa maziwa zimekadiria mara nyingi kwamba kati ya asilimia 10 na 40 ya tofauti za hulka baina ya ng'ombe wa kundi moja hutokana na urithi, kutegemea namna hulka hiyo ilivyopimwa. Hesabu hiyo haina maana kwamba ndama hubeba robo ya ukali wa mamake. Maana yake ni kwamba malezi, umri, mazoea na maumivu vina sehemu kubwa, lakini damu nayo ina sehemu yake, tena ya kutosha kumfaidi mfugaji anayechagua kizazi baada ya kizazi. Wahispania wanaozalisha mafahali wa kupigana wanalijua hilo siku nyingi, maana huwajaribu mitamba waone ukali wao kabla ya kuamua ni yupi atakayezaa.

Simtetei mkamuaji mwenye fimbo. Ng'ombe akishtuka, mwili wake hutoa adrenalini, homoni ya mshtuko, ambayo huizuia oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, isifanye kazi yake, na mkamuaji huambulia kidogo huku akidhani ng'ombe anamfichia maziwa kwa makusudi. Aidha, ng'ombe aliyekuwa mtulivu akaanza ghafla kurusha miguu achunguzwe kiwele na chuchu kabla ya kulaumiwa ukoo wake, kwa kuwa mara nyingi huyo ana ugonjwa wa kiwele au kidonda.

Linalonisumbua ni jinsi tunavyonunua mbegu. Karatasi ya fahali niliyoonyeshwa mwaka jana ilitaja kilo za maziwa, mafuta, umbo la kiwele na uimara wa miguu ya binti zake, lakini kuhusu utulivu wao wakati wa kukamuliwa haikuwa na hata mstari mmoja. Kule New Zealand wafugaji huwapa binti za fahali alama za hulka yao wanapokamuliwa, na alama hizo huingia katika sifa za baba yao. Sisi tunaofuga ng'ombe watatu au wanne, na aghalabu tunakamua kwa mkono tukiwa tumechuchumaa karibu kabisa na kwato, tunaihitaji habari hiyo kuliko mwenye mashine.

Jirani yangu alipotaka kumpandishia yule mtamba mwezi uliopita, aliuliza kwanza iwapo binti za fahali huyo hutulia wakikamuliwa. Aliyeleta mbegu alicheka, akamwambia hajawahi kuulizwa swali hilo.

Mfugaji,
Njoro, Nakuru